Kuokoa Data Kwenye RAID Iliyokufa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuzima Mashine Hadi Faili la Mwisho

Kama unasoma haya huku NAS (kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) au seva inapiga kengele pembeni yako, na mafaili hayafunguki tena, izime sasa kwa utaratibu wa kawaida, kisha rudi uendelee kusoma. Usibonyeze Repair, Rebuild wala Initialize. Usichomoe diski na kuirudisha ukijaribu bahati. Usiendeshe fsck, programu ya Linux ya kurekebisha mfumo wa faili. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, kinachomaliza data mara nyingi ni lile jambo ambalo mtu alilifanya katika saa ya kwanza, kwa nia njema, akiwa na hofu.

Nitaeleza kwa kufuata kazi moja niliyoifanya: studio ya video za harusi mjini Tanga, NAS ya diski 4, kila moja terabaiti 4, RAID 5. Umeme ulikatika na kurudi mara tatu jioni moja, na asubuhi hakuna folda iliyofunguka. Mwenye studio alinipigia kabla hajagusa kitu. "Fundi, kimeandika nirekebishe. Nibonyeze?" Kwa swali hilo alikuwa ameshaokoa nusu ya kazi yake.

RAID inavyohifadhi data

Jina RAID lilienea kutokana na makala ya 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wazo lao lilikuwa kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya gharama; mkusanyiko huo ndio ninaouita safu. RAID 0 hugawa data bila akiba yoyote, hivyo diski moja ikifa, zote zimekwenda. RAID 1 ni pacha: kila diski hubeba nakala ileile. RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja, RAID 6 cha diski mbili. RAID 10 ni jozi za pacha, na inasimama ilimradi kila jozi ibaki na diski moja hai.

RAID 5 inafaa uielewe vizuri, maana ndiyo inayoletwa kwa mafundi zaidi. Tuseme diski A ina biti 1011, B ina 0110, C ina 1100. Diski D hutunza pariti: hesabu 1 zilizopo katika kila nafasi, zikiwa witiri andika 1, zikiwa shufwa andika 0. Unapata 0001. Sasa B ikifa, fanya hesabu ileile kwa A, C na D, na 0110 inarudi yenyewe. Katika diski halisi pariti haikai mahali pamoja. Huzunguka diski zote, kipande hiki huku, kipande kile kule, na ndiyo maana mpangilio wa diski una uzito mkubwa kama tutakavyoona.

Zikikosekana diski mbili, hesabu haifungi. Lakini NAS ikisema "diski mbili zimekufa", mara nyingi si kweli kwamba zote mbili zimekufa. Linux, mfumo endeshi ulio ndani ya NAS nyingi, huipa diski sekunde 30 kujibu. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha diski kinachosomwa kwa pamoja) inaweza kung'ang'ana nayo kwa muda mrefu kuliko huo, na mfumo unaitoa kwenye safu kana kwamba imefariki, ingawa karibu kila sekta yake bado inasomeka. Hapo ndipo tumaini lilipo.

Hatua ya 1: Weka alama kabla ya kuchomoa

Piga picha NAS ikiwa na diski zake ndani. Chukua makapeni, andika namba ya nafasi juu ya kila diski: 1, 2, 3, 4. Kisha andika kwenye daftari namba ya nafasi pamoja na namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye karatasi ya diski. Andika pia kilichotokea na lini: umeme ulikatika saa ngapi, taa ipi ilikuwa nyekundu, kuna mtu aliyebadilisha diski mwezi uliopita au la. Maswali haya yanaonekana madogo, ila siku ya pili ya kazi utayahitaji.

Hatua ya 2: Amua kama kazi ni yako

Sikiliza kila diski ikiwashwa peke yake. Ikigonga-gonga, ikikwaruza, isipozunguka kabisa, au ikinuka kuungua, izime. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na kila dakika inayozunguka vichwa vyake vinaweza kuwa vinachuna uso wa sahani. Usiifungue mezani. Na ule ushauri wa kuiweka diski kwenye friji, achana nao kabisa: ikitoka humo unyevu hugeuka matone ndani, hasa kwenye hewa yetu ya pwani.

Katika RAID 5 ya diski nne unahitaji tatu tu. Kama moja inagonga na tatu zinasomeka, endelea na tatu.

Kuna hali moja ya pekee: diski moja tu imetoka na NAS bado inafungua mafaili, skrini ikionyesha Degraded. Hapo usikimbilie kuweka diski mpya. Kwanza hamisha data muhimu kwenda diski ya nje ikiwa bado inasomeka. Kujenga upya kunalazimisha diski zilizobaki zisomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa safu kama ya studio yetu hizo ni terabaiti 12. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi kosa lisilozidi moja la kusoma katika biti trilioni 100, yaani takriban terabaiti 12.5. Nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini diski zilizonunuliwa siku moja na kufanya kazi pamoja huzeeka pamoja.

Hatua ya 3: Andaa meza

Unahitaji kompyuta yenye nafasi za SATA, flashi yenye Linux ya kuwashia (SystemRescue ina karibu kila kitu), UPS, na nafasi. Nafasi ndiyo gharama kubwa: nakala za diski zote, na tena mahali pa kuweka mafaili yatakayookolewa. Ukibanwa na bajeti, nakili walau zile zenye ugonjwa. Adapta za USB zitumie tu ukikosa njia nyingine, kwa sababu baadhi huficha taarifa za afya ya diski na nyingine hubadilisha ukubwa wa sekta.

Unganisha diski moja moja. Sababu yake ni kwamba Linux ikiona diski za kutosha inaweza kuiunganisha safu yenyewe na kuanza kuandika kabla hujasema lolote. Kwa diski moja ya RAID 5 haiwezi. Hata hivyo angalia:

`cat /proc/mdstat`

Ukiona safu imejitokeza, izime kwa `mdadm --stop /dev/md127`, ukiweka jina uliloliona; mdadm ni programu ya Linux ya kuendesha safu za RAID.

Kisha tambua diski kwa namba ya utambulisho, kamwe usikisie kwa herufi (sda, sdb):

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Hatua ya 4: Pima afya

`smartctl -a /dev/sdb`

Tazama mistari minne. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa. Namba 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, na 198 ni zilizoshindikana. Hizi mbili zikiwa juu ya sifuri, diski hiyo inakiliwe kwa uangalifu wa mgonjwa mahututi. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano, na ikiwa ni hiyo tu iliyopanda, shuku kebo au soketi kabla ya kuilaumu diski. Neno PASSED juu ya ripoti lisikutulize. Nimeona diski zenye PASSED zikishindwa kusoma nusu ya folda.

Hatua ya 5: Nakili kila diski, sekta kwa sekta

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote. Ukiifanya vizuri, makosa yote yatakayofuata yanasameheka. Tumia GNU ddrescue, ambayo katika Debian na Ubuntu hupatikana kwa jina la kifurushi gddrescue. Kunakili kwa kawaida hukwama kwenye sekta mbovu. ddrescue huiruka, huchukua kwanza yote yaliyo rahisi, halafu ndipo hurudi kwenye magumu.

Mzunguko wa kwanza, bila kung'ang'ania:

`ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/nakala/diski1.img /mnt/nakala/diski1.map`

Wa pili, kurudia palipokataa mara tatu:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/nakala/diski1.img /mnt/nakala/diski1.map`

Chanzo huja kwanza, nakala baadaye. Ukiona programu inadai uongeze `-f` ndipo iandike, simama usome amri upya: unakaribia kuandika juu ya diski badala ya faili.

Faili la `.map` ni hazina. Linakumbuka kila sekta iliyosomwa na iliyokataa, kwa hiyo umeme ukikatika unarudia amri ileile na kazi inaendelea pale ilipoishia. Kwa sisi ambao umeme hukatika bila kutoa taarifa, hiyo ni nusu ya usingizi wa usiku. Diski nzima ya terabaiti 4 ikisomwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua saa saba na nusu hivi. Diski mgonjwa inaweza kuchukua siku kadhaa. Elekeza feni juu yake, na ukiona kasi imeanguka sana, ipumzishe kisha uendelee.

Katika studio ile, diski ya 1 na ya 2 zilinakilika zote. Ya 3 iliacha kilobaiti 96 tu zisizosomeka. Ya 4 ilinakilika nzima bila kosa hata moja, na hilo lilinishangaza, maana ndiyo NAS iliyoiita mfu.

Jambo moja zaidi kabla ya kuendelea: paka alama kwenye sekta zilizoshindikana, ili baadaye ujue ni mafaili yapi yameguswa.

`printf "HAIJASOMEKA " > alama.txt`
`ddrescue --fill-mode=- alama.txt diski3.img diski3.map`

Diski za asili zichomoe, zifunge kwenye mifuko yake, ziweke kabatini. Hazitahitajika tena.

Hatua ya 6: Soma kumbukumbu za safu

NAS nyingi za ofisi ndogo, zikiwemo za Synology na QNAP, ndani yake zinatumia Linux na mdadm, kwa hiyo huhitaji NAS nyingine ya aina ileile. Fungua nakala kwa kusoma tu:

`losetup -r -P -f --show /mnt/nakala/diski1.img`

Utajibiwa jina kama /dev/loop0, na patisheni zake zitaonekana kama /dev/loop0p1, p2, p3. Data hukaa kwenye ile kubwa kuliko zote. Ndogo ni za mfumo wa NAS wenyewe. Sasa soma kumbukumbu ambazo mdadm huandika kwenye kila diski kuhusu mpangilio wa safu. Kwa kila nakala:

`mdadm --examine /dev/loop0p3`

Nakili majibu kwenye daftari: Array UUID, Raid Level, Device Role, Chunk Size, Layout, Data Offset, Update Time na Events. Hii ya mwisho ndiyo itakayokusimulia yaliyotokea. Ni kaunta inayopanda kila hali ya safu inapobadilika, na diski ikitolewa, kaunta yake inasimama hapohapo. Ya studio ilikuwa hivi:

Diski 1: 91842
Diski 2: 91842
Diski 3: 91839
Diski 4: 60117

Basi hadithi ikawa wazi. Diski ya 4 ilitoka zamani. Update Time yake ilikuwa ya miezi mitano nyuma. NAS ikaendelea kwa diski tatu, taa ya onyo ikawaka chumba cha nyuma ambako hakuna aliyeingia. Jioni ya umeme kukatika ndipo diski ya 3 ikaachwa, ikiwa nyuma kwa hatua tatu tu. Mtu angeona diski ya 4 haina sekta mbovu hata moja, akaitumia badala ya ya 3 iliyo na makovu, angechanganya data ya leo na ya miezi mitano iliyopita, na kila video iliyoingia katikati ingekuwa uji. Diski nzima lakini ya zamani ni hatari kuliko diski mgonjwa ya juzi.

Hatua ya 7: Unganisha safu juu ya tabaka la muda

Kulazimisha safu iungane huandika kitu kidogo kwenye diski, hata kama ni kusahihisha kaunta tu. Nakala zetu hatutaki ziguswe, kwa hiyo kila moja tunaiwekea tabaka juu yake: maandishi yote yanaingia kwenye tabaka, nakala inabaki safi. Ukikosea, futa tabaka, anza upya.

`truncate -s 50G /mnt/kazi/juu1`
`losetup -f --show /mnt/kazi/juu1`
`blockdev --getsz /dev/loop0p3`
`dmsetup create d1 --table "0 UKUBWA snapshot /dev/loop0p3 /dev/loop4 P 8"`

Mahali pa UKUBWA weka namba uliyopewa na amri ya tatu, na /dev/loop4 iwe ile uliyojibiwa na ya pili. Rudia kwa d2 na d3. Kisha:

`mdadm --assemble --force --run --readonly /dev/md9 /dev/mapper/d1 /dev/mapper/d2 /dev/mapper/d3`

Angalia /proc/mdstat. Ukiona md9 iko active na herufi [UUU_], safu imeungana kwa diski tatu kati ya nne. Ruka hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Kumbukumbu za safu zikiwa zimefutwa

Hapa unafika pale ambapo mtu alibonyeza Initialize au alitengeneza safu mpya juu ya ile ya zamani. Itabidi uieleze safu upya kwa mkono, na ni juu ya tabaka pekee. Amri hii ikiendeshwa juu ya diski za asili, ndiyo iliyozika data nyingi kuliko nyingine yoyote ninayoijua.

`mdadm --create /dev/md9 --assume-clean --readonly --level=5 --raid-devices=4 --metadata=1.2 --chunk=512 --layout=left-symmetric --data-offset=131072 /dev/mapper/d1 /dev/mapper/d2 /dev/mapper/d3 missing`

`--assume-clean` huizuia mdadm isianze kuandika pariti upya. Neno missing linashika nafasi ya diski tuliyoiacha. Tahadhari kwenye data-offset: --examine huonyesha sekta za baiti 512, lakini amri hii inasoma kilobaiti, kwa hiyo 262144 inakuwa 131072. Watu wamekesha usiku mzima kwa kosa hilo moja.

Usipojua mpangilio wa diski, diski nne zina njia 24 za kupangika, na kuzijaribu zote kunawezekana. Kazi ni kutambua iliyo sahihi. Mfumo wa faili unaweza kufunguka, majina ya folda yakaonekana, hata hati ndogo zikasomeka, na bado mpangilio ukawa si wenyewe. Sababu ni kwamba faili dogo linaweza kukaa lote ndani ya kipande kimoja cha kilobaiti 512. Jaribu kwa faili kubwa: picha ya megabaiti 20, au video. Ikicheza hadi mwisho bila kuchanika, umepata.

Seva zenye kadi ya RAID ni habari nyingine, kwani nyingi huandika kumbukumbu kwa lugha yao wenyewe. Nakala unazitengeneza vilevile, kisha programu za kulipia kama UFS Explorer au R-Studio hutambua mpangilio kutoka kwenye nakala hizo. Matoleo ya majaribio hukuonyesha mafaili kabla hujalipa, kwa hiyo thibitisha kwanza.

Hatua ya 9: Fungua mafaili kwa kusoma tu

NAS nyingi huweka LVM (tabaka la Linux linalogawa safu katika sehemu) juu ya safu, basi anza na `vgchange -ay`, halafu `lvs` ikuonyeshe majina. Kisha, kama mfumo wa faili ni ext4:

`mount -o ro,noload /dev/md9 /mnt/safu`

Kwa XFS weka `ro,norecovery`. Kwa Btrfs jaribu `ro`, na ikikataa kuna `btrfs restore`, ambayo hutoa mafaili bila kufungua mfumo wenyewe. Kama kuna LVM, badala ya /dev/md9 weka njia ya sehemu uliyoiona kwenye lvs. Fsck au xfs_repair ni vya mwisho, na juu ya tabaka tu.

Yote yakishindikana ipo PhotoRec, inayochambua diski ikitafuta alama za mwanzo wa picha, video na hati. Itakupa mafaili bila majina na bila folda, na video ndefu zilizotawanyika mara nyingi hutoka zimekatika. Iendeshe juu ya /dev/md9 iliyoungana sawasawa, kwa sababu kwenye diski moja ya RAID 5 haitaona ila vipande.

Hatua ya 10: Hamisha, kisha tafuta majeraha

Anza na kisichoweza kupatikana tena. Muulize mwenye data, usiamue wewe. Mwenye studio hakutaja kwanza harusi kubwa za wateja waliolipa. Alitaja folda ya mama mmoja aliyefariki wiki chache baada ya kumwoza binti yake.

`rsync -a --info=progress2 /mnt/safu/ /mnt/mpya/`

Halafu zitafute zile alama za hatua ya 5:

`grep -rl "HAIJASOMEKA" /mnt/mpya`

Amri hii hukutajia mafaili ambayo sekta mbovu ziliangukia ndani yake moja kwa moja. Sekta mbovu ikiwa ilibeba pariti, uharibifu hutokea kwenye data ya ile diski isiyokuwepo na alama haionekani, kwa hiyo fungua video kadhaa kwa macho yako pia, hasa za miezi ya karibuni.

Tulipata video mbili zenye alama. Moja ilikuwa ya uwanja mtupu kabla ya wageni kufika. Ya pili ilichanika kwa chini ya sekunde moja katikati ya ngoma, na mwenye studio akaifunika kwa picha kutoka kamera nyingine. Ile folda ya yule mama tuliitazama yote, faili kwa faili, tukiwa tumekaa bega kwa bega, na haikuwa na doa. Diski nne za asili bado ziko kabatini kwangu. Tulikubaliana zisifutwe mpaka amalize kufungua kila harusi.